Kapita Atafutiwa Njia ya Kitandani

Nyumbani kwetu hapa Bunia kuna mjadala mkali kuliko wa bei ya mafuta: Kapita awekewe ngazi ya kupandia kitandani, au ubao wa mteremko? Kapita ni mbwa. Hakuna aliyeuliza swali lililopaswa kutangulia, yaani mbwa anafuata nini kitandani.

Ingekuwa jimbo jingine ningenyamaza. Lakini hii ni Ituri! Shika barabara ya Komanda, pita Mambasa, ukifika Epulu uko msituni kwa Wambuti, na mbwa wa msitu huo ndio ambao Wazungu huwaita Basenji. Mbwa wa kazi. Kwa kuwa habweki, mwindaji humfunga shingoni kengele ya mti, ajue yuko wapi anapokurupusha wanyama waelekee nyavuni. Usiku ukiingia anajikunja kando ya moto, basi. Mwaka 1895 baadhi yao walipelekwa Uingereza, wakafa kwa ugonjwa. Mwaka 1937 wengine wakaonyeshwa kwenye mashindano ya Crufts, London, watu wakajazana kuwashangaa. Nina hakika huko ndiko walikoonjeshwa godoro. Sasa godoro limerudi Ituri kupitia video kwenye simu ya binti yangu, tena limekuja na ngazi.

"Papa, amezeeka huyu," ananiambia. "Akiruka chini anaumia viungo."

Viungo! Magoti yangu yalianza kulia Kapita hajazaliwa. Choo chetu kiko nje, unakifikia kwa vidato vya udongo ambavyo mvua ikinyesha vinateleza kama bamia. Kila mwaka naomba viwekewe kishikio. Video ya wazee wa kwenda choo bado haijatumwa.

Mama watoto anataka ngazi, maana haili nafasi. Binti anataka mteremko, maana ngazi inamlazimisha mbwa kujirusha kidato kwa kidato, na akishuka uzito wote unaangukia miguu ya mbele. Nakiri hoja ya binti ina akili. Ndiyo iliyoniponza, kwa sababu fundi seremala aliitwa papo hapo.

Fundi akapima: kitanda sentimita 60 kutoka sakafuni. Akafikiri, akasema yeye njia za viti vya magurudumu anazijua. Kwa kila sentimita moja ya kupanda unaweka 12 za urefu. Akapiga hesabu kwenye kipande cha mbao: mita 7.20. Chumba chetu ni mita tatu kwa tatu. Kwa hesabu hiyo Kapita angeanza safari ya kulala akiwa kwa jirani, katikati ya bata.

Wakapatana mita moja na nusu. Mwinuko mkali kidogo, lakini Kapita hana magurudumu. Fundi akaegemeza ubao wa mkaratusi kwa majaribio, umepigwa randa hadi unang'aa. Tukasimama wote kama tunapokea gavana. Kapita akaunusa, akainua mguu akaukojolea pembeni, akapita chini yake, akaruka kitandani kama siku zote. Akazunguka mahali pamoja, akalala, na shuka nyeupe ikabaki na nyayo za udongo mwekundu.

Mimi nilidhani kesi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. "Ubao unateleza, papa," fundi akaeleza, "ndiyo maana ameuogopa. Unahitaji zulia." Akataka nusu ya pesa mbele, kwa dola, tena noti isiyo na mpasuko. Zulia likapatikana haraka sana: ni lile dogo ninalokanyagia nikiamka asubuhi, maana usiku wa Bunia sakafu ya saruji inauma.

Na ubao ukawekwa upande wangu. Mimi nimehamishiwa ukutani, na nikitaka kutoka usiku nishukie miguuni, polepole, nisimwamshe Kapita.