Kisiwa kwa Nusu Bei

Anayeishi Mai Mahiu hahitaji saa ya kumwamsha. Malori yanayoteremka kutoka Rironi huanza kulia breki kabla jogoo hajafikiria kuwika, na yale yanayopanda kurudi Nairobi hunguruma kwa gia ya kwanza mpaka vikombe vinacheza kabatini. Kukipambazuka, makanga wa Narok wanaanza kugombea abiria. Mimi nami sina wa kumlaumu, maana naziba panchari kando ya barabara hiyo hiyo, na kompresa yangu ikiwaka, majirani waliokuwa wakigombana husimamisha ugomvi kwa sababu hawasikilizani.

Halafu kuna mvua. Tangu alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, maji yaliyokuwa yamezuiliwa kwenye tuta la reli yalipofyatuka na kushukia Kamuchiri, yakabeba nyumba na makumi ya watu waliokuwa wamelala, hakuna mtu wa huku anayepata usingizi kamili mvua ikipiga bati usiku. Hilo silifanyii mzaha. Nalitaja kwa sababu ndilo lililomfanya mama watoto, masika yaliyofuata, atoe tamko: "Mwaka huu nataka nikalale mahali pasipo na mlima juu ya kichwa changu."

Nikasema basi twende kisiwani. Kisiwani maji hayashuki, yalishafika zamani.

Masharti yalikuwa matatu: pawe kimya, pawe na joto, na pawe rahisi mfukoni. Tuliketi sebuleni kuchagua, mimi, mama watoto, shemeji anayeendesha lori la Mombasa hadi Malaba, na kifungua mimba wetu aliyemaliza shule na ambaye kazi yake hapa duniani kwa sasa ni kushika simu. Unguja ndiyo iliyotajwa kwanza. Kijana alisoma bei za hoteli, akageuza dola kuwa shilingi, kukawa na kimya cha aina ambayo hatukuwa tumekusudia. Shemeji akaleta Mfangano, huko Ziwa Viktoria, akiisifia samaki. Mama watoto akauliza kama kuna mawimbi. Shemeji, ambaye ni mtu mkweli isipokuwa kwenye mizani, akajibu kwamba yapo. Mfangano ikazama.

Mimi niliitetea Ol Kokwe, kisiwa cha Ziwa Baringo, kwa sababu tungefika bila kupita Nairobi. Kijana akaonyesha picha za hoteli za pwani ya ziwa hilo zilizomezwa na maji miaka hii ziwa lilipofura, paa tu ndizo zinazochungulia. Mtu anayekimbia mafuriko hapelekwi huko. Crescent Island ya Naivasha nayo ilikatwa kwa hukumu fupi. Iko karibu mno, viboko ni wengi, na ukisimama pale unauona mlima Longonot, ule ule anaouona mama watoto kila siku akiosha vyombo. "Silipi hela kwenda kuuangalia kwa nyuma," alisema.

Ikabaki Lamu. Sababu yangu kubwa sikuitoa wazi: Lamu haina magari. Mji wake wa kale, uliomo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, una vichochoro ambavyo punda wawili wakikutana mmoja lazima awe na adabu. Mahali pasipo na magari hapana matairi, na pasipo na matairi hakuna atakayenigongea mlango usiku akilia ametobokewa pale Kijabe. Tena ilikuwa Mei, hoteli nyingi za huko zimefunga, na zilizobaki zinaomba mtu. Nikapiga simu kwenye nyumba moja ya wageni.

"Nafasi ipo?"

Mtu wa upande wa pili alicheka. "Mzee, nafasi ipo tele."

"Na bei?"

"Nusu."

"Kuna kimya lakini?"

"Kimya cha hapa hata mimi kinanitisha."

Nikatuma malipo ya awali kwa M-Pesa kabla hajabadilisha mawazo.

Shemeji alijitolea kutubeba kwa lori hadi Mombasa bila malipo. Mama watoto alimtazama tu. Tukaenda na garimoshi la Madaraka kutoka Nairobi, daraja la kawaida, ambalo nauli yake ilikuwa shilingi 1,000 mpaka ilipopandishwa kuwa 1,500 mwanzoni mwa 2024. Huko Mombasa, tukipanga mizigo upya, mama watoto akagundua kwamba ndani ya begi langu, chini ya shati la likizo, kuna gundi, viraka na vijiti vya kufungulia tairi. Hatukusemezana mpaka Malindi.

Barabara kutoka Garsen hadi Lamu siku hizi ni ya lami, lakini Mto Tana haukuambiwa. Mafuriko ya Novemba 2023 yaliikata, wasafiri wakavushwa kwa mashua mahali ambapo basi lilizoea kupita. Sisi tulipita salama, maji yakitutazama kutoka pande zote mbili. Kwenye vizuizi vya polisi abiria wanateremka na vitambulisho mkononi, wanakaguliwa, wanapanda. Mvua ilikuwa na ratiba yake; tukiwa ndani inakatika, tukiteremka inarudi.

Basi linaishia Mokowe, bara. Pale ndipo unapopanda boti, na pale ndipo nilipomwona nahodha akifinya maji kutoka kwenye kofia huku akituhakikishia kwamba bahari leo imetulia. Tulifunikwa turubai moja sote, sisi, mwalimu mmoja, magunia ya viazi na kuku. Mvua ya Mai Mahiu hushuka kutoka juu kwa heshima. Hii ilikuja kutoka ubavuni, ikiwa na chumvi.

Mlangoni mwa nyumba ya wageni tulipokewa na bawabu. Nilimsalimu kwa Kiswahili nilichokifanyia mazoezi tangu Malindi, na kabla sijafika mwisho akanijibu kwa Kikuyu. Alikuwa mzaliwa wa Mpeketoni, ng'ambo kule bara, ambako wazee wake walipewa shamba miaka ya 1970 katika mpango wa makazi wa Ziwa Kenyatta. Nikauliza meneja yuko wapi. Akasema ameenda likizo. Wa mapokezi? Likizo. Mpishi? Huyo ameenda kwao mpaka Julai. Bawabu mwenyewe ndiye aliyepokea simu yangu, ndiye aliyetandika kitanda, na jioni ndiye aliyetokea na shuka la rangi mkononi akiuliza tungependa kula nini.

Mama watoto alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu Aprili. "Samaki wa kupaka," akasema. "Na wali wa nazi."

Bawabu akainama kidogo, kwa huzuni ya mtu wa hotelini. Kusi limeingia, akaeleza, bahari imechafuka, wavuvi wamevuta mashua zao nchi kavu, na samaki sokoni hamna. Lakini hatatuacha na njaa, akasema. Akaingia jikoni, akarudi na sufuria. Githeri.

Nawaomba mpate picha. Mwanamke amezaliwa Kinangop, amelelewa kwa githeri, amepikia watu githeri maisha yake yote. Amevuka nchi kwa garimoshi, basi na boti, amelowa chumvi mpaka kwenye mkoba, na amewekewa githeri katika bahari ya Hindi. Alishika kijiko muda mrefu. Bawabu alisimama pembeni akingoja maoni. Ikabidi aonje, akakaa kimya, akaonja tena. Yule bwana alikuwa ameitia tui zito la nazi na pilipili mbuzi. Sitadai kwamba mama watoto alifurahi, ila sufuria ilirudi jikoni ikiwa nyepesi.

Nyumba yenyewe ilikuwa nzuri ya kizamani, kuta nene za mawe ya matumbawe, boriti za mikoko, na katikati kiwanda, yaani ua wa ndani usio na paa, ili hewa ipite. Masika haipiti hewa, inapita mvua. Kwenda msalani usiku ni kuvuka kiwanda, na bawabu alituachia mwavuli mmoja mlangoni akisema ni wa wageni wote. Wageni wote tulikuwa wawili.

Na kimya? Kimya kilikuwepo mpaka punda wa kwanza alipofungua kinywa. Nilikurupuka, nikajikuta nimeketi kitandani natafuta viatu, nikiamini lori limepasukiwa na tairi mlangoni. Akajibiwa na wa pili kichochoro cha nyuma, kisha mtaa mzima ukaingia kwenye mazungumzo. Lamu wana hospitali ya punda tangu 1987, na kwa nguvu ya vifua vile, nathibitisha kwamba madaktari wake wanafanya kazi. Punda walipochoka, ilifika adhana ya alfajiri, kutoka kila upande.

Mchana, mvua ikitoa nafasi, tulitembea hadi ufuo wa Shela. Mchanga ule hauna mwisho, na ulikuwa wetu peke yetu. Mama watoto alivua viatu, akakunja sketi, akabaki na jaketi lake la baridi ya Kinangop. Alisimama majini hadi vifundoni, akiwa hana mlima wowote juu ya kichwa chake, ila mchanga tu nyuma yake. Nilitaka kumuuliza kama ameridhika, lakini nimeoa muda mrefu, nikanyamaza.

Likizo yangu iliharibiwa na mkokoteni. Ulikuwa umekwama karibu na gati, umebeba madumu ya maji, gurudumu moja limelala chini, na vijana wanne wanaushauri badala ya kuuziba. Nilipita. Nikarudi. Niliwaambia nina viraka. Nusu saa baadaye mkokoteni ulikuwa unaenda, na habari zilikuwa zimeutangulia. Pikipiki zimepigwa marufuku ndani ya mji wa kale, lakini nje yake zipo, na matairi yake hutoboka vizuri tu. Mama watoto aliponitafuta alinikuta nimechuchumaa, watu wamenizunguka, mpira uko kwenye beseni natafuta mapovu.

"Baba, hii ndiyo likizo?"

Mwenye mkokoteni aliingilia kati kwa upole wa watu wa Lamu, akamwita mamangu, akamwomba radhi, akatualika kwake kula. Huko tukapata mkate wa mofa, kahawa chungu, na papa mkavu aliyepikwa kwa nazi. Samaki, hatimaye. Babu wa nyumba ile aliniuliza kwa nini tumekuja masika badala ya kungoja Agosti. Nikamwambia bei. Akatafakari. "Sisi Mei twaipenda," akasema, "wageni wamekwenda, twapata kukaa barazani kwetu." Kisha akakumbuka sisi ni nani, akatuongezea papa.

Shemeji anasema nilichagua vibaya. Mimi nasema nilitaka joto nikapata, nilitaka rahisi nikapata, na kimya kilikuwa kinapatikana kati ya punda mmoja na mwingine. Hesabu nimeifanya: chumba kilikuwa nusu bei kweli, ila garimoshi, basi na boti havijui masika, vilitoza bei kamili kwenda na kurudi. Mama watoto naye hajatoa uamuzi, ingawa siku hizi nazi zinapanda kutoka Mombasa kwa lori la shemeji, na githeri ya kwetu haifanani tena na ya majirani.

Kwa hiyo wewe unayepanga kwenda Mei, nenda. Ila ukipiga simu usianze na bei. Uliza unayezungumza naye ni nani, na mpishi anarudi lini.