Tajiri Kafa Maji

"Mjomba, mbona amekufa na hajaguswa na mtu?"

Swali hilo liliulizwa jana usiku na mtoto wa dada yangu, kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, muda mfupi tu baada ya mimi kutangaza mbele ya baba yake kwamba wakae pembeni waone watu wa zamani tulivyokuwa tunacheza gemu. Kwenye runinga, Sonic, yule kalunguyeye wa buluu wa Sega, alikuwa anazama mdomo wazi, mikono juu. Pete zangu themanini na ushee zilikuwa pale pale kwenye kona, hazijapungua hata moja. Shemeji alikohoa kikohozi cha mtu aliyeamua, kwa kuheshimu ndoa yake, asicheke.

Nikamweleza mtoto. Nilimweleza kwa kirefu, maana jambo lenyewe ni refu, na maana kadiri nilivyokuwa naongea ndivyo baba yake alivyokosa mwanya wa kusema lolote.

Sonic the Hedgehog ilitoka mwaka 1991 kwa ajili ya mashine ya Mega Drive, na biashara yake yote ni mbio. Ukienda kulia haraka, umecheza. Usalama wako ni pete: ukiwa nayo hata moja, adui akikugonga zinatawanyika, wewe roho inabaki. Kwa hiyo katika maeneo matatu ya mwanzo, Green Hill, Marble na Spring Yard, mchezaji anafundishwa mambo mawili tu, akimbie na akusanye. Mwenye pete ni tajiri, na tajiri hafi kirahisi.

Halafu unafika Labyrinth, eneo la nne, na kila ulichofundishwa kinafutwa. Kule ni magofu yaliyofurika maji. Ukitumbukia tu, mwendo wako wa juu kabisa unakatwa nusu. Kuruka kunapungua kasi, kuanguka kunakuwa kwa kuelea, na yule bwana mbio sasa anatembea kwa mashaka kama mtu anayetafuta ndala gizani. Na kuogelea hajui. Kalunguyeye wa kweli, wale wa vichakani, wanaogelea vizuri tu. Huyu wa kutengenezwa ndiye aliyenyimwa.

Sasa njoo kwenye pumzi, na hapa, pamoja na hasira zangu zote, lazima nivue kofia. Ukizama unapewa sekunde 30. Hakuna anayekuambia. Zikibaki 25 unasikia mlio mdogo, ting, kama vile umeokota kitu. Zikibaki 20, ting nyingine. Zikibaki 15, ya tatu na ya mwisho. Zikibaki 12, muziki wa eneo zima unakatwa na unaingia ule mwingine, mfupi, unaopanda na kuharakisha, ambao watu wazima wenye familia zao wakiusikia leo wanavuta hewa bila kujijua. Papo hapo tarakimu zinaanza kupanda kutoka kichwani mwa Sonic: tano, nne, tatu, mbili, moja, sifuri. Na kila tarakimu inakaa sekunde mbili hivi. Yaani unahesabiwa kifo kwa saa isiyo saa. Aliyepanga vile alijua kabisa kwamba mtu akiona "mbili" anaruka ovyo, kumbe bado angekuwa na nafasi ya kufikiri.

Dawa ni viputo. Sakafuni kuna mahali panapochemka vidogo vidogo, na hivyo havina faida yoyote. Unasimama katikati yake ukivitazama vikipita puani na huwezi kuvuta hata kimoja. Kinachotakiwa ni kile kikubwa, ambacho huja kikijisikia. Ukikidaka, Sonic anavuta pumzi, muziki unatulia, sekunde 30 zinaanza upya. Lakini akivuta, anasimama. Mwendo wote uliokuwa nao, wa mbele au wa juu, unapotea palepale. Ukikidaka ukiwa hewani unaruka shimo, hewa umepata, shimo hukulivuka.

Basi jana nilisimama juu ya chemchemi hiyo kwa adabu zote. Tano ikapanda, vidogo. Nne; vidogo. Tatu, vidogo vingi zaidi, kwa kejeli. Mbili. Moja. Kiputo kikubwa kikaanza kuchomoza kutoka sakafuni, kinene, kinang'aa, wakati sifuri tayari imekaa usoni. Mengine mmeshasimuliwa na mtoto.

Nikifika hapa utani unanitoka. Kwenye kona ya juu kushoto ya gemu ile kumeandikwa alama zako, muda wako na pete zako. Chini kabisa ya skrini, roho zilizobaki. Vitu vinne vinahesabiwa mbele ya macho yako, na kitu cha tano, ambacho ndicho kinachokuua, hakina hata mstari. Muda nao si pambo: ukifika dakika 10, unakufa. Kwa hiyo unauawa ukiharakisha bila kuvuta pumzi, na unauawa ukikaa kungoja pumzi, na katika yote mawili zile pete ulizofundishwa kuziokota kwa maeneo matatu hazikusaidii hata kwa sumni. Mkuki ukinichoma nakubali, niliuona. Lakini kumfundisha mtu kuweka akiba, kisha kumpeleka mahali ambapo akiba haitumiki na kumficha kinachotumika, huo ni uonevu.

Na watengenezaji wenyewe walilijua. Ukishavuka Labyrinth, ukapumua katika Star Light, ukapambana na misumeno ya Scrap Brain na mwisho unauona, hatua ya tatu ya eneo hilo inakutupa tena katika magofu yale yale, maji yale yale. Mwaka 1994, katika Sonic 3, ndipo wakatoa ngao ya maji inayomwezesha mtu kupumua chini. Miaka mitatu baadaye! Waliozama kabla ya hapo hawakufidiwa.

Baada ya hapo mtoto alitaka tujaribu gemu za wengine, na niseme kwa ufupi.

Super Mario 64: katika pango la Hazy Maze gesi ya sumu ilinimaliza, lakini duara la uhai wangu lilikuwa wazi juu ya skrini likipungua kipande kwa kipande.

Super Metroid: nikaingia vyumba vya moto vya Norfair bila vazi la Varia la kukinga joto, na tarakimu za nguvu zangu zikateremka mbele ya kila mtu.

Celeste, kule Golden Ridge: theluji ilionyesha upepo unakotoka, upepo ukanitupa shimoni, nikaanguka nikijua sababu. Sikudai kitu.