Pua ya Kuazima

Harufu ya petroli ndani ya gari la zamani ni jambo ambalo kila aliyemo garini huwa na maoni juu yake isipokuwa mwenye gari. Si kiburi peke yake kinachomziba pua, ingawa kiburi nacho kina fungu lake. Ni kwamba pua ya binadamu ikikaa na harufu moja kwa muda huacha kuitilia maanani, hali iitwayo uchovu wa kunusa, ambayo humfanya mtu aliyeshinda garini asubuhi nzima aape kwamba halinuki chochote, na kiapo chake kikawa cha kweli. Nyani haoni kundule, na katika suala hili sayansi inamtetea nyani. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya uchunguzi ni kumwondoa mwenye gari katika orodha ya mashahidi, hatua ambayo yeye huipinga kwa nguvu zote, hasa ikiwa gari lenyewe alilirithi kwa baba yake.

Upinzani huo hupata nguvu zaidi Picha ya Ndege, kata ya Kibaha iliyo kando ya Barabara ya Morogoro, kwa kuwa hapo hakukosekani wa kusingiziwa. Barabara hiyo ndiyo njia kuu ya mizigo inayotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda bara, Zambia na Kongo, na malori ya matangi ya mafuta hupita humo mchana na usiku, hivyo kila abiria anapokohoa dereva hunyoosha kidole kwenye lori lililo mbele. Hoja hiyo hudumu mpaka gari lichepuke kuingia njia ya vumbi ya mtaani, ambako hakuna lori wala dalili yake, lakini harufu imo vilevile. Hapo hutajwa mshukiwa wa pili, yaani chupa ya petroli ya kijana wa bodaboda aliyepita, na baada yake wa tatu, dumu la mashine ya kusukumia maji lililobebwa kwenye buti tangu mwaka jana. Abiria aliyepewa lifti hawezi kulitukana gari la mwenyeji wake, kwa hiyo hufungua kioo, husifu upepo, kisha hukumbuka ghafla kwamba ana jamaa wa kumsalimu hapo hapo, akashuka vituo viwili kabla ya kwake.

Ili kuelewa kwa nini magari ya zamani yana tabia hii, inafaa kuyatazama maumbile yake. Land Rover za kwanza, zilizozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, ziliwekewa tangi chini ya siti ya mbele, na mdomo wa tangi nao ukawa chini ya mto wa siti hiyo, hivyo dereva alipofika sheli ilimbidi ainuke ili gari linyweshwe pale pale alipokuwa ameketi. Volkswagen Beetle, gari lililoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962 na ambalo tarehe 17 Februari 1972 liliipita Ford Model T kwa idadi ya magari yaliyoundwa, lina mpango wa ajabu zaidi. Tangi lake liko mbele, chini ya boneti, hatua chache kutoka magotini mwa dereva, ilhali injini iko nyuma, na petroli hulazimika kusafiri kwenye paipu inayopita katika mfereji wa katikati ya sakafu, baina ya miguu ya dereva na ya jirani yake. Zaidi ya hayo, gari hilo huchukua hewa ya feni iliyopata joto kwenye injini na kuileta ndani ili kuwapasha joto abiria, huduma ambayo hakuna mkazi wa Mkoa wa Pwani aliyewahi kuiomba. Lakini vifuniko vya njia hiyo vikishaliwa na kutu, hewa huja bila kualikwa, na kama injini inavuja petroli, huja na habari zake zote.

Ugonjwa wa namna hii kwa kawaida hupelekwa kwanza kwenye gereji bubu, yaani gereji isiyo na kibao wala leseni, ambako fundi huinamisha kichwa dirishani, huvuta pumzi mara moja na kutamka kwamba tatizo ni kabureta, chombo kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Kabureta ikishafunguliwa, ikasafishwa na kurudishwa huku harufu ikiwa pale pale, huanza tiba za asili. Mashuhuri kuliko zote ni sabuni ya mche: fundi hukata kipande, hukifinyanga kwa vidole mpaka kilainike, kisha hukisugua juu ya ufa wa tangi hadi tone likome. Tiba hii si ya kudharauliwa, kwa sababu sabuni haiyeyuki ndani ya petroli. Kasoro yake ni kwamba huyeyuka kwenye maji, hivyo mgonjwa huwa mzima mpaka siku ya kuoshwa gari au mvua ya kwanza ya masika. Inayofuata ni ukanda wa tyubu ya baiskeli unaofungwa kwenye mpira uliopasuka, na huo petroli huula taratibu kutoka ndani. Ipo pia ya mfuniko wa tangi uliopotea, ambao kwa miaka mingi nafasi yake ilishikwa na mfuko wa rambo uliofungwa kwa raba, hadi tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Tanzania na magari kadhaa ya zamani yakajikuta yanavunja sheria kwa mfuniko. Mwishoni huja marashi ya kutundika kwenye kioo, ambayo hayaiondoi harufu ya petroli bali huiongezea mwenza, na abiria huumwa kichwa kwa sababu mbili badala ya moja.

Kosa la tiba hizi zote ni kuuliza harufu inatoka wapi kabla ya kuuliza inakuja lini. Ikija baada ya kujaza tangi, au gari linapokata kona, mshukiwa ni mpira unaounganisha mdomo na tangi, au gasketi iliyo juu ya tangi chini ya kipimo cha mafuta, kwa kuwa sehemu hizo huguswa na petroli wakati tangi limejaa tu. Ikija dakika chache baada ya injini kuzimwa, joto lililobaki limechemsha petroli iliyosalia kwenye bakuli la kabureta, na mvuke umetafuta pa kutokea. Ikija wakati injini inanguruma tu, pampu na mipira yake ndiyo ya kuhojiwa. Kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini, kunusa kwa kweli hufanyika sakafuni, na ndiyo maana mtu mzima mwenye heshima zake huonekana Jumapili uani kwake akiwa amepiga magoti, kichwa kikiwa chini ya dashibodi, huku majirani wanaotoka kanisani wakimpa pole bila kujua ni pole ya nini.

Mzaha una mpaka wake, kwani mvuke huo ukifikia takribani asilimia 1.4 tu ya hewa huweza kuwaka, na Barabara hiyo hiyo ya Morogoro haijasahau Msamvu, ambako moto wa lori la mafuta tarehe 10 Agosti 2019 uliua watu zaidi ya 100. Kwa sababu hiyo injini huzimwa, betri hufunguliwa, na fundi mwenye sigara mdomoni huombwa kwa adabu asogee mbali. Kisha huazimwa pua, yaani jirani asiyevuta sigara anayetoka moja kwa moja kwenye hewa safi, naye hukabidhiwa kazi ambayo mwenye gari hawezi kuifanya kwa uaminifu.

Mpira mbovu ukishabainika hubadilishwa kwa fedha ndogo kuliko zile zilizokwisha kuliwa na marashi, lakini busara ni kubadilisha mipira yote siku hiyo hiyo na kuanika kapeti juani, kwani kapeti iliyokunywa petroli huendelea kuitoa siku nyingi na kumfanya fundi asiye na hatia aitwe tapeli. Anayebadilisha mmoja tu husahau kwamba iliyobaki ina umri ule ule, na gari la zamani halina haraka: hungoja mwenyewe atangaze mtaa mzima kwamba limepona, ndipo lianze kuvuja upande wa pili.