Mashine Iliyonikubali Kiganjani Tu

Kuna wanawake waliojaaliwa kidevu laini, na kuna sisi tunaotembea na kibano kwenye pochi. Uko kwenye foleni ya magari pale Mwenge, jua limekupiga usoni, unajipapasa, na kumbe ule unywele ulioung'oa juzi umesharudi, tena umekuja na mwenzake.

Wifi yangu anayeishi Leicester, ambaye utani wake hauna likizo, alinitumia mashine ya IPL, ya kuondoa nywele kwa mwanga ukiwa nyumbani. Ujumbe wa sauti ukafuata: “Wifi, itumie hiyo. Kaka yangu alioa mke, hakuoa mzee wa mtaa.” Yeye imemtoa nywele za miguuni vizuri tu. Lakini wifi amechukua weupe wa bibi yao wa Kiarabu, na nywele zake ni nyeusi tii.

Mashine hiyo kabla ya kumulika huikagua ngozi kwanza. Nikaibandika kidevuni: taa nyekundu. Mguuni: nyekundu. Kwapani ndiyo kabisa. Watoto wakajaa mlangoni, mmoja akashauri tuizime halafu tuiwashe. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Tanga kutibiwa, akauliza kama inasaidia na magoti. Mwishowe nikaijaribu kiganjani, ikapiga mwako chumba kizima kikawa cheupe. Mahali pekee mwilini mwangu ambapo hapajawahi kuota hata unywele mmoja ndipo palipofaulu usaili!

Kisa chote ni melanini, ule weusi wa ngozi na nywele. Mwaka 1983 watafiti wawili wa ngozi wa Boston, Rox Anderson na John Parrish, walieleza namna ya kuchagua rangi na muda wa mwanga ili joto liishie kwenye shabaha, jirani asidhurike. Kwenye kazi hii shabaha ni weusi wa unywele: unanyonya mwanga, unapata moto, mzizi unaungua. Maelezo matamu, mradi weusi uwe kwenye unywele peke yake. Kwangu mimi ngozi nayo inanyoosha mkono, na ikimulikwa ovyo inaungua na kubaki na madoa. Kwa hiyo ile taa nyekundu ilinibagua kwa kunihurumia. Mama mkwe alikosa kotekote, maana ndevu zake ni mvi, na mvi haina melanini ya kunyonya chochote.

Tena IPL yenyewe wala si leza. Ni taa ya zenoni inayomwaga mawimbi ya kila namna kwa pamoja, kama konda anayeita kila apitaye huku akijua watakaopanda ni wachache. Leza hushika urefu mmoja wa wimbi. Ya aleksandraiti, nanomita 755, ni kipenzi cha wazungu. Ya dayodi huzungukia 810. Ya kwetu weusi ni Nd:YAG, 1064. Wimbi hilo refu halinyonywi sana na melanini, hivyo linapita ngozi ya juu bila ugomvi mkubwa mpaka mzizini. Kwa sababu hiyo hiyo linauma zaidi, na nywele nyembamba hulishinda.

Kliniki niliyokwenda kupigwa leza, binti akanivalisha miwani ya kukinga macho, akaniambia, “Haiumi, mama, ni kajoto tu.” Pigo la kwanza lilinifanya nimtaje marehemu baba kwa majina yake yote. Na baada ya hapo usitegemee kidevu cha mtoto: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, huwaruhusu watengenezaji kusema nywele zinapungua kwa kudumu, si kwamba zinaisha. Mabango ya saluni zetu hayajapata barua hiyo.

Kilichonitoa jasho zaidi ni masharti. Unarudi baada ya wiki kadhaa, maana mwanga huzipata nywele zilizo kwenye kukua tu, nyingine zimepumzika. Katikati hapo kibano ni marufuku, kwa kuwa ukiung'oa unywele umeiondoa shabaha. Ruksa ni wembe peke yake. Basi asubuhi tukakutana mbele ya kioo cha bafuni, mimi na mume wangu, mapovu kidevuni kila mmoja. Akanitazama, akasogea kidogo kunipisha.

“Ukimaliza uuoshe huo wembe,” akasema. “Juzi umeniachia ndevu zako.”