Jinsi ya Kuzuru Kiwanda cha Mkonge Chini ya Mlima wa Ndara

Wasafiri wengi hupita Voi wakiwaza tembo. Shingo zote huelekea Tsavo, na mistari ya mkonge iliyonyooka hadi miguuni mwa mlima wa Sagalla, ule ambao wasafiri wa karne ya 19 waliuita Ndara, haitupiwi hata jicho. Mwongozo huu ni wa yule mmoja garini aliyetazama mkonge akajiuliza: jani lenye mwiba linageukaje kamba ya kuanikia nguo?

Anza kwa kubisha hodi. Kiwanda si stendi ya matatu. Andika barua au piga simu kwenye ofisi ya shamba siku kadhaa mapema. Voi Sisal Estate imepakana na mji, na Teita Estate iko Mwatate, ukishika barabara ya Taveta. Taja idadi yenu, na mkiwa na watoto semeni mapema, kwa kuwa mashine mtakazoziona hazijui mtoto wa mtu.

Viatu vyeupe viache nyumbani. Vaa vya kufunika mguu wote na suruali nzito. Ncha ya jani la mkonge ni mwiba mweusi unaopenya kitambaa, na majimaji yake huwasha ngozi. Aliyevaa kaptura ataikumbuka ziara hii usiku kucha, akijikuna.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hulikosea: usianzie kiwandani. Anzia shambani, alfajiri, kabla jua la Voi halijapanda. Mkonge hukatwa mara ya kwanza ukiwa na miaka miwili au mitatu hivi, kisha huendelea kutoa majani, zaidi ya 200 katika maisha yake, hadi siku unapochomoza mlingoti mrefu wa maua na kufa. Mkataji huinama, hukata majani ya chini, huondoa ule mwiba na kufunga mafungu. Usimwombe kisu ili upigwe picha. Mwamkie, subiri apumzike, kisha omba kubeba fungu moja mpaka mwisho wa mstari. Beba lote, usiligawe na mwenzako. Ukilitua utakuwa umeijua bei ya kamba kuliko mwenye duka yeyote.

Ukishamaliza hapo, lifuate fungu lako. Jani halipaswi kukawia, maana likikauka nyuzi hung'ang'ania nyama yake. Kwenye mashine hupondwa na kupigwapigwa na ngoma yenye visu butu huku maji yakimwagika. Upande mmoja nyuzi hutoka zikining'inia, upande mwingine huporomoka uji wa kijani. Kelele ni kubwa, kwa hiyo maswali yaandae kabla ya kuingia, na lisikose hili: katika kila kilo ya majani, nyuzi ni gramu 40 hivi tu. Zile 960 zinakwenda wapi? Kule Hale, mkoani Tanga, taka za mkonge zimeshawahi kugeuzwa gesi ya kuzalisha umeme. Uliza hapa zinafanyiwa nini, na usikubali kujibiwa kwa kuonyeshwa mkono kuelekea bondeni.

Nje ya jengo, nyuzi huanikwa juani kama mashuka ya hospitali nzima yaliyofuliwa siku moja. Piga picha zako hapo, mwanga ni mzuri. Kisha ingia chumba cha kusugulia nyuzi ukiwa umeziba pua kwa leso, na utazame kama wanaoshinda mle nao wamepewa cha kuziba pua zao. Hilo nalo ni sehemu ya kujua kitu kinavyotengenezwa. Baada ya kupangwa kwa madaraja, nyuzi hushindiliwa kuwa marobota ya kilo 250 hivi, yakasafirishwa Mombasa.

Hapa ndipo mgeni huduwaa. Kamba iko wapi? Sehemu kubwa ya mkonge wa Kenya huuzwa nje ukiwa nyuzi ghafi. Nigeria na Saudi Arabia huuchanganya na plasta ya dari. Kwingineko husokotwa kamba, hufumwa mazulia, au hushindiliwa kuwa bodi za mchezo wa vishale. Mmea huu wenyewe ni mgeni. Mwaka 1893 Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, ikafika Tanganyika ikiwa hai 62 tu. Zaidi ya karne moja baadaye tunajua kuulima vizuri kupindukia, lakini kuumalizia bado tunawaachia wengine. Jambo hilo linaniuma.

Kwa hiyo usigeuze gari kurudi. Endelea hadi Maungu, ukunje kulia uelekee Kasigau, ukaone kiwanda kisicho na paa. Akina mama husokota nyuzi za mkonge juu ya paja, huzitia rangi na kusuka kikapu kinachoweza kuchukua wiki kadhaa. Keti mkekani, omba kusokota nawe. Uzi wako utakatika, nao watacheka; cheka nao, uanze tena. Ukifika wakati wa kununua, toa bei uliyotajiwa bila kuvutana. Tangu Agosti 2017, Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kikapu hiki ni chombo halali cha kwenda nacho sokoni kila siku. Si pambo la kutundikwa ukutani.

Lakini kabla hujatoka kiwandani, unapoagana na meneja, mshukuru, kisha umwulize kwa heshima ni kitu gani kinachozuia robota moja katika kumi lisisokotwe hapa hapa Voi: umeme, mitambo, kodi, au soko? Andika jibu lake neno kwa neno. Ukiwa mpiga kura wa Taita Taveta, mpelekee MCA wako kabla bajeti ya kaunti haijapitishwa.