Sifa za Kisanduku cha Faiba

Mnazi umesifiwa, jahazi limesifiwa, na harusini hakosekani mtu wa kumsifu bwana harusi hata kama sifa zenyewe ni za kuazima. Kisanduku cha faiba hakina wa kukisifu. Kipo nje muda wote, ukutani au juu ya nguzo ya umeme, cheupe kilichogeuka manjano kwa jua, nyaya zikining'inia chini yake. Hutajwa siku moja tu, siku intaneti inapopotea, na siku hiyo hutajwa na mtaa mzima kwa maneno yasiyofaa kuandikwa.

Basi kipewe haki yake, na pasiwe na mtu wa kudhani kwamba kinavikwa kilemba cha ukoka.

Tuanze na ukoo, kama ilivyo desturi ya sifa. Mwaka 1966, huko Uingereza, Charles Kao na mwenzake George Hockham walieleza kwamba uzi wa kioo, yaani faiba, ungeweza kubeba mawasiliano mbali sana, endapo tu kioo kingesafishwa uchafu unaomeza nuru. Mwaka 1970 wanasayansi wa kampuni ya Corning, Marekani, walifanikiwa kutengeneza kioo cha aina hiyo. Kao alitunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 2009. Mwaka huohuo, mkongo wa baharini wa TEAMS kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa, na mkongo wa SEACOM ukaanza kuhudumia Kenya na Tanzania. Babu anapewa nishani Stockholm, wajukuu wanapokewa Pwani. Ni nani mwingine mtaani mwenye nasaba ya namna hiyo?

Umbo lake nalo lina siri. Fundi akifungua mfuniko hukuta trei ya plastiki ambamo nyuzi za kioo zimezungushwa kwa duara pana. Upana huo una sababu: uzi ukikunjwa sana, nuru huvuja ubavuni. Uzi mtupu, pamoja na ganda lake la kioo, una unene wa mikromita 125, na njia ya nuru iliyomo katikati ni kama mikromita 9 tu, nyembamba mara kadhaa kuliko unywele. Pembeni imejipanga safu ya viunganishi vya kijani. Rangi hiyo si urembo. Inamaanisha kwamba ncha imenolewa mshazari wa digrii 8, ili nuru inayoakisiwa isirudi ilikotoka. Fundi mwenye haraka akichomeka cha buluu, ambacho ncha yake haina mshazari, mahali pa cha kijani, ncha hizo hazigusani sawasawa, na kuna familia itakayokuwa ikitazama duara likizunguka kwenye skrini bila kujua kosa ni la rangi.

Lakini fahari yake kubwa ni uadilifu. Katika visanduku vingi vya nguzoni mna kigawanyaji, kipande kidogo kinachochukua nuru moja na kuigawa, tuseme, kwa njia nane. Hakina betri, hakina feni, hakiombi umeme. Nuru iliyogawanywa kwa nane mtaa wa juu, ikigawanywa tena kwa nane mtaa wa chini, hufika kila nyumba ikiwa sehemu moja kati ya 64, kabla ya kuhesabu inayopotea njiani. Kifaa cha sebuleni hakilalamiki. Cha kawaida huweza kusoma nuru hafifu kiasi cha sehemu mbili kwa milioni za wati moja. Mwenye jumba na mpangaji wa chumba kimoja hugawiwa sawasawa. Vifurushi ndivyo vinavyobagua watu. Kisanduku hakijui nani kalipia megabiti ngapi.

Umeme ukikatika, chenyewe kinaendelea na kazi. Kinachozimika ni ruta ya ndani, ila lawama zinaelekezwa nje.

Ukarimu je? Kwenye karatasi za kiwandani visanduku vingi huandikwa IP65. Tarakimu ya kwanza inaahidi kwamba vumbi halitapenya, ya pili kwamba hata maji ya kurushwa kwa mpira hayataleta madhara. Sisimizi hawakutajwa. Mpira wa kuziba tundu la waya ukisahaulika, wanaingia mmoja nyuma ya mwingine, na mayai, na udongo. Mjusi kafiri huwafuata kwa ajili ya chakula. Nyigu huchagua kona ya juu. Ni makazi yenye paa, yasiyodai kodi wala amana, katika miji ambayo nyumba za namna hiyo zimekwisha.

Kisanduku hiki pia huwakutanisha majirani wasiosalimiana. Taa nyekundu ya LOS, inayoashiria kwamba nuru haifiki, ikiwaka kwenye kifaa cha sebuleni, mlango unafunguliwa.

“Jirani, kwenu intaneti ipo?”

“Hata kwetu imepotea.”

Jibu hilo halirudishi intaneti, lakini aliyeuliza hurudi ndani akiwa amepoa.

Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini, na nchi kadhaa za Afrika Mashariki zikabaki na intaneti ya kusuasua. Siku hiyo taa za ndani ziliendelea kuwa za kijani, kwa kuwa nuru inayofika nyumbani hutoka kituo cha karibu, si baharini. Kisanduku hakikuwa na kosa lolote. Hata hivyo kilipigwa makofi, na ngazi zikaegemezwa.

Hata mwizi hakitamani. Januari 2022, baada ya minara ya umeme kuhujumiwa, Rais Uhuru Kenyatta alisimamisha biashara ya vyuma chakavu nchini Kenya. Chuma kina soko, na waya wa shaba vilevile. Kioo chembamba na plastiki iliyopauka havina. Anayeukata uzi wa faiba akidhani ni shaba huondoka mikono mitupu, na fundi hupata kazi.

Kwa fundi, kweli, kisanduku ni riziki. Nyuzi zimelala pamoja na vidole vya mtu ni vinene, kwa hiyo anayerekebisha nyumba ya tatu huweza kuikata ya nne, na wiki ijayo ataitwa kwa ya nne. Tena kampuni mpya ikiingia haitumii kisanduku cha mwenzake, inapigilia chake. Ndiyo maana kuna kuta zenye visanduku vitatu huku kimoja tu kikifanya kazi. Ili kukijua, fundi hufungua vyote. Akimaliza hufunga kila mfuniko kwa skrubu moja kati ya nne, zilizobaki anazitia mfukoni, na kumwambia mwenye nyumba atarudi Jumatatu kuzikaza.