Namna ya Kumpotezea Muda Mwizi wa Pikipiki

Mwizi wa pikipiki ana haraka kuliko bodaboda aliyebeba abiria wa uwanja wa ndege, na hapo ndipo pa kumkamatia. Jipiesi, kile kifaa cha kuonyesha pikipiki ilipo, haizuii wizi. Kazi yake ni kumnyang'anya mwizi dakika, na kila dakika anayoimaliza akipapasa waya gizani ni yako. Basi tukifunge kifaa kwa nia moja: achoke.

Anza kwa kujua anakoanzia yeye. Anafungua kiti na kutazama kando ya betri, maana huko ndiko mafundi wengi hukiweka. Ni karibu na umeme, na kazi inaisha upesi. Mwambie fundi wako akihamishie ndani ya plastiki za mkiani au nyuma ya kifuniko cha taa ya mbele. Plastiki haina neno. Chuma ndicho kizuizi, kwa hiyo chini ya tanki hapafai. Satelaiti za GPS ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, mawimbi yake yanafika Dar es Salaam yakiwa hoi, na kifaa kinahitaji kuzisikia zisizopungua nne ndipo kijue kilipo. Uso wake utazame juu.

Kujua kilipo ni jambo moja. Kukwambia ni kazi ya laini ya simu iliyomo ndani. Bando likiisha, kifaa kinajua kabisa kwamba pikipiki iko Mbagala, na kinanyamaza. Laini isajiliwe kwa jina lako, si la fundi. Namba ya siri ya kiwandani, ambayo kwenye vifaa vingi vya bei nafuu ni 123456, ibadilishwe siku hiyohiyo. Mwizi naye anaijua.

Sasa umeme, na hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo hela za watu zinapopotelea. Waya mwekundu uende moja kwa moja kwenye chanya ya betri, ukipitia fyuzi ndogo iliyo jirani kabisa na betri. Mweusi uende kwenye hasi. Upo waya wa tatu, ambao ndio wa kwenda kwenye swichi ili kifaa kijue kama ufunguo umewashwa. Rangi yake hubadilika, kwa hiyo karatasi iliyokuja na kifaa isomwe kabla haijafungiwa maandazi.

Fundi mwenye haraka huuunga ule mwekundu kwenye swichi. Unaona ramani inatembea, unamlipa, mnaagana vizuri. Ukizima pikipiki, kifaa kinabaki kutegemea kibetri chake cha ndani, ambacho mara nyingi ni cha saa chache tu. Mwizi anakuja saa tisa usiku, na kifaa kimeshazimika kabla yake. Usimwachie fundi aondoke hujapima: zima, chomoa ufunguo, weka mita kwenye ule mwekundu. Ukisoma volti 12 na ushei, mlipe.

Kifaa nacho kinakula. Kikivuta miliampea 20 usiku na mchana, kinamaliza karibu nusu ya ampea-saa kwa siku. Betri ya ampea-saa 7 ikiachwa wiki mbili bila pikipiki kuwashwa itakauka. Nunua kifaa kinachojilaza chombo kikisimama. Maungio yapigwe lehemu na kuvikwa mpira, kwa maana solotepu peke yake huachia gundi kwenye jua letu, na vijana wa kuosha kwa maji ya presha humalizia kazi.

Watu wanapenda sana ile relei ya kuzima injini kwa simu. Ifunge, ila usizime injini pikipiki ikiwa mwendoni. Huoni kilicho nyuma yake. Barabara ya Morogoro ina malori, na aliyekalia pikipiki, hata kama ni mwizi, ana shingo moja. Subiri ramani ionyeshe imesimama.

Kama pikipiki umempa dereva wa mkataba, mwambie kwamba jipiesi ipo. Mahali ilipofichwa si lazima ajue. Kwamba ipo, lazima. Mizunguko yake ni taarifa zake, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Akileta hesabu kamili jioni, kumpigia kumuuliza alifanya nini Sinza dakika arobaini ni kumvunjia heshima.

Siku ikiibwa kweli, ramani usiitupe kwenye kundi la WhatsApp la kijiwe. Wa kijiwe watafika kabla ya polisi, na watu wameshachomwa moto kwa tuhuma za pikipiki, wengine hawakuiba chochote. Nenda kituoni na kadi ya pikipiki, chukua RB, yaani namba ya kuonyesha kwamba umeripoti, mpe askari simu yenye ramani iliyo wazi, na chaja uibebe.